Gitaa Lisilo na Kichwa

Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana Heche ni mtu wetu na kumfichia hakumsaidii: jamaa aliumwa wivu. Siyo ule wivu wa kununa leo, kesho ukapita. Huu ulimkaa kooni. Alikula ugali asisikie ladha, alilala nao, akaamka nao. Na chanzo chake kilikuwa gitaa, tena gitaa baya kwa sura kuliko yote yaliyowahi kuingia Morotonga, mtaa wetu wa hapa Mugumu.

Heche ni fundi pikipiki. Kibanda chake kiko pale bodaboda wanapoegesha, na mchana kutwa mikono yake ni oili tupu. Lakini Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi aliisugua kwa sabuni ya unga mpaka viganja vinapauka, kwa sababu alikuwa mpiga besi wa Kwaya ya Vijana. Inaitwa ya Vijana kwa mazoea tu. Vijana wenyewe wengine wanasomesha watoto sekondari. Heche alianza kupiga tangu kanisa liliponunua gitaa lake la besi kwa michango ya waumini. Lilikuwa jekundu, linang'aa, lina kichwa kirefu chenye vifungio vinne vya kukazia nyuzi. Alilitunza nyumbani kwake, limetundikwa juu ya kochi. Mwishowe watu wakaacha kusema gitaa la kanisa, wakasema gitaa la Heche, naye hakumsahihisha mtu.

Kwenye pikipiki wapo wanaomzidi, na anawajua kwa majina. Kwenye besi alikuwa peke yake. Akipita sokoni akina mama walinong'onezana, "Huyo ndiye mpiga besi," na yeye alipunguza mwendo kidogo ili wamalize kunong'ona. Mtu akishaonja sifa ya namna hiyo, kuiachia ni kazi.

Ndipo akaja Mwalimu Osward. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa Kagera, amehamishiwa sekondari ya pale jirani. Alikuja na godoro, jiko la gesi, na mfuko mweusi mfupi ambao kila mtu alidhani una zeze. Jumamosi ya kwanza akaja mazoezini, akasalimia wote kwa adabu, akaomba ruhusa ya kukaa na wanamuziki. Akafungua mfuko.

Watu walicheka, na kwa kweli ilikuwa haki yao. Gitaa lenyewe halikuwa na kichwa. Shingo ilipanda, ikafika pale ambapo kichwa kinatakiwa kuanza, ikakoma, basi. Vifungio vya nyuzi vilikuwa huku chini, matakoni kabisa. Mwili nao ulikuwa mwembamba, wa rangi ya kijivu, kama mwiko wa ugali uliosahauliwa kwenye jivu.

"Mwalimu," akasema Magige, mpiga dramu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, "hili lilikatwa kichwa na nani? Au ndiyo wezi wa ng'ombe walianza nalo?"

"Lilitoka kiwandani hivyo hivyo," akasema Osward, akitabasamu. "Hata mimi lilinichukua muda kulizoea."

Heche alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akaegemea spika. Kisha yule mwalimu akachomeka waya, akageuza kitufe kimoja cha amplifaya, akaanza kupiga wimbo ambao kwaya ilikuwa inaufanyia mazoezi.

Heche akaacha kucheka. Sauti ilikuwa nene lakini haikuvimba. Kila noti ilikaa mahali pake, ikanyamaza kabla nyingine haijaingia, na waimbaji ambao siku zote walikuwa wanakokotana kwenye ubeti wa pili wakajikuta wanatembea pamoja. Heche akageuka kumtafuta mkewe. Elieth alikuwa anaimba sauti ya pili, mstari wa nyuma. Alikuwa amefumba macho, mabega yanacheza taratibu. Miaka yote ya ndoa Heche alikuwa hajawahi kumwona mkewe akifumba macho kwa besi.

Hapo ndipo kitu kilipomchoma, hapa chini ya ubavu.

Jioni ile, wakirudi nyumbani kwa miguu, Elieth akasema, bila ubaya wowote, "Leo besi niliisikia mpaka kifuani."

"Ni gitaa tu lile," Heche akasema. "Mpe mtu yeyote, mpe hata muuza dagaa, litalia vile vile."

"Labda," akasema Elieth.

Hilo neno "labda" Heche aliligeuza kichwani usiku kucha. Lakini lile lake, la kwamba ni gitaa tu, lilimtuliza, akalishika kama mgonjwa anavyoshika dawa. Yeye hajapungukiwa na kitu. Kilichomzidi ni chombo, na chombo chenyewe sura yake ni aibu.

Ingekuwa rahisi kama Osward angekuwa na majivuno. Mwenye majivuno unapata pa kumshika. Huyu alikuwa anakuja mapema kupanga viti. Alimwita Heche "kaka" na kumwachia nyimbo nyingi apige yeye, akikaa pembeni na lile gitaa lake la kijivu mapajani. Mara mbili alimwambia, "Kaka, lijaribu na wewe, uniambie unalionaje." Mara zote mbili Heche akajibu kwamba mikono yake ina oili. Na wewe unajua, kama mimi, kwamba Jumamosi jioni mikono ya Heche haikuwa na oili.

Ikafika mwezi ambao kwaya za jirani zilikutana Kenyamonta kwa mazoezi ya pamoja, maana tamasha la kwaya la kila mwaka kule Tarime lilikuwa limekaribia. Baada ya chakula wapiga besi wakajikusanya nyuma ya kanisa, kama wanavyofanya siku zote, wakalizunguka gitaa la Osward. Eric, mwenyeji wa Kenyamonta, alilipiga kidogo, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Mimi nasema sura haiimbi," akasema Eric. "Hili ni jepesi, bega haliumi, na sauti yake inafika chini kabisa. Ningelipata hata leo ningelichukua."

"Sauti sawa, sijakataa," akasema Nelson, aliyetoka Matongo, kule wanakochimba dhahabu. "Lakini watu wa kwetu wanatazama kwanza, wanasikiliza baadaye. Panda nalo jukwaani uone. Watauliza mpiga besi amevunjikiwa na gitaa, mbona hapewi lingine? Sasa siku hizi kila mtu anashika simu anarekodi. Video inabaki. Sauti kwenye simu zetu hizi hata hamtaisikia, ila hilo jiti mtaliona mpaka wajukuu."

"Kwa hiyo upige vibaya ili uonekane vizuri?"

"Nipige vizuri na nionekane vizuri. Dhambi iko wapi?"

Wakacheka. Osward naye akacheka, akasema hata mama yake alipoliona alimwuliza kama amelinunua nusu bei. Chema chajiuza, akasema Eric, kibaya chajitembeza. Nelson akamjibu kwamba hajawahi kuona chema kinachouzwa bila kufutwa vumbi. Walibishana hivyo kwa raha, na ni Heche peke yake ambaye hakuwa na raha. Alisimama amekumbatia gitaa lake jekundu, akisubiri hata mtu mmoja aseme, "Lakini la Heche nalo lina sauti." Hakuna aliyesema. Alichokiokota pale ni maneno ya Nelson tu, kwamba watu wa kwetu wanatazama kwanza, akayatia mfukoni.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kwaya, Naomi, mama mpole asiyependa kuumiza mtu na kwa sababu hiyo huumiza polepole, akamwita Heche pembeni.

"Baba Mokami," akasema, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "jukwaani Tarime wanaruhusu mpiga besi mmoja tu. Tumezungumza kamati. Tumeona Mwalimu Osward apige. Wewe utatusaidia kwenye mikisa, ile mashine ya kule chini, uangalie sauti."

"Kwenye mikisa," Heche akasema.

"Ni kazi kubwa ile, usiione ndogo."

Heche akasema sawa, dada, Mungu ni mwema. Akaenda zake kibandani, akafungua kabureta ya pikipiki ya mtu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Tarime ndiko kwao. Ndugu zake wote wangekuwepo. Kila mwaka walisogea mbele wakamwonyesha watu kwa kidole: yule pale, wa kwetu. Mwaka huu wangemtafuta jukwaani, wangemkuta huku chini amevaa vifaa vya masikio, anashika vitufe. Akaamua hakubali.

Asubuhi yake akaenda joshoni, mahali wafugaji wanapoogesha ng'ombe, kumtafuta Mzee Nyangwine. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mfugaji mkubwa, na neno lake kanisani lilikuwa zito kuliko la mwenyekiti yeyote. Heche alimkuta na fimbo, anaswaga madume yake yaingie kwenye dawa.

"Shikamoo, tata," akasema, yaani baba kwa Kikurya.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekuja kuoga na wewe?"

Heche alisubiri zamu ya ng'ombe wa mzee ipite. Alikuwa amejipanga. Alijua ukimwendea mzee yule kwa habari za noti na amplifaya atakupigia usingizi mbele ya macho yako. Ukimwendea kwa ng'ombe, anaamka.

"Tata," akasema, "nikuulize. Mtu akikuletea dume lisilo na pembe, na zile pembe zimeota mkiani, utalipeleka kwenye mahari ya mwanao?"

Mzee akamtazama. "Dume la namna hiyo liko wapi?"

"Nauliza tu."

"Siwezi kulipeleka. Wakwe watasema nimewadharau."

"Basi tata, ndicho kitu kinachokwenda kupanda jukwaani Tarime kwa jina la kanisa letu. Gitaa la mwalimu. Halina kichwa, na vitu vya kichwani vimekaa matakoni. Watu watatucheka. Wengine wataanza kuuliza kama limetoka kwa Mungu."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu, hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo, na Heche alijua. Lakini alikuwa ameshaanza kuteremka na breki hana. Mzee Nyangwine akasugua kidevu kwa kichwa cha fimbo. Akasema amesikia, na Jumapili atalisema. Heche akarudi Morotonga amekaa nyuma ya bodaboda anaimba, mara yake ya kwanza kuimba tangu mfuko ule mweusi ufunguliwe.

Jumapili baada ya ibada kwaya ikabaki kanisani kwa kikao na mazoezi ya mwisho. Mzee Nyangwine akaingia, akakaa benchi la mbele, akaomba aonyeshwe hilo gitaa. Osward akampa. Mzee akaligeuza, akatazama pale shingo inapokomea, akatazama matakoni. Akalirudisha kwa mikono miwili.

"Heche alikuja kwangu kule joshoni," akaanza.

Heche akahisi benchi limepata moto. Hakutegemea jina lake litajwe. Waimbaji wote wakageuza shingo, Elieth mmojawapo.

"Alikuja kuniambia habari za gitaa hili, na nimeliona, na kweli sikulielewa. Amesema vizuri. Tarime kuna watu wetu, kuna wakwe zetu. Kitu hiki kisipande jukwaani."

Naomi akainamisha kichwa. Osward akasema, "Sawa, mzee," bila kubadilika uso. Heche alikaza mashavu yasije yakamsaliti. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu kidogo, lakini aibu hiyo ilikuwa ndogo sana, hata ubavu haikumgusa.

"Sasa," mzee akaendelea, "kwetu sisi, mgeni akija jioni na ng'ombe tusiyemwelewa, hatumwambii arudi alikotoka. Ng'ombe wake tunamfunga nje ya boma, asichanganyike na wengine. Mgeni mwenyewe anaingia ndani, na kinywaji chake kinatoka kwa ng'ombe wa kwetu. Ndivyo baba zetu walivyofanya. Kanisa lina gitaa lake, lina pembe zake zote. Mwalimu apewe hilo, apige."

Magige aliangusha fimbo moja ya dramu, akainama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko fimbo ilivyohitaji.

"Lakini tata," Heche akasema, na sauti ilitoka nyembamba, "mimi ndiye ninayelipiga hilo."

"Najua, mura."

"Nilidhani gitaa lake likikataliwa..."

"Wewe ulikuja kwangu kwa habari ya gitaa," akasema Mzee Nyangwine, kwa upole kabisa. "Kwa habari ya mtu hukuniambia neno. Una neno juu ya mtu?"

Angesema nini? Kwamba mwalimu anapanga viti mapema mno? Kwamba anamwita kaka? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Heche alikuwa amekichimba kisima chake kwa jembe la ng'ombe, mbele ya mzee wa ng'ombe.

"Sina," akasema.

"Basi mpe."

Akasimama. Akalivua gitaa jekundu begani, akatembea nalo kutoka upande wa spika hadi alipokaa Osward, na hiyo safari fupi aliiona kama inapita katikati ya soko la Mugumu siku ya gulio. Osward alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni. Heche alimchukia kwa huruma hiyo.

Bado alikuwa na tumaini moja, na usimcheke, ndilo lililokuwa limemweka hai majuma yote yale. Gitaa la kanisa ni gitaa la kanisa. Uzi wake wa tatu unakwaruza. Noti za juu zinakufa haraka. Sasa watasikia. Sasa mwalimu atavuliwa nguo mbele ya watu, aonekane kwamba alikuwa anabebwa na lile jiti lake. Heche akaenda akakaa mwisho wa benchi, akakunja mikono, akasubiri kwa hamu.

Osward akakaza uzi mmoja, akalegeza mwingine. Akapiga.

Kila noti ilikaa mahali pake. Ikanyamaza, nyingine ikaingia. Uzi wa tatu haukukwaruza. Au ulikwaruza pale tu alipotaka ukwaruze. Ubeti wa pili, ule wa kukokotana, kwaya ikaupita kama watu wanaovuka daraja. Lile gitaa jekundu, ambalo Heche alikuwa amelifuta vumbi, akalilaza, akaliamsha, likawa linasema maneno ambayo halikuwahi kumwambia yeye. Alilionea wivu hata gitaa lenyewe. Alitamani likatike nyuzi zote nne. Mama mmoja wa mstari wa mbele akamgeukia jirani yake akasema, "Kumbe hata hili linaweza," na Heche alilisikia.

Mazoezi yalipokwisha akatoka kwa mlango wa pembeni. Elieth alibaki na akina mama kupanga sare za safari. Osward akamfuata Heche hadi nje, amebeba ule mfuko mweusi.

"Kaka," akasema, "usikae mikono mitupu, vidole vitalala. Nenda na langu nyumbani. Mpaka tukirudi kutoka Tarime."

Ungefikiri angemtupia. Mkono ulitaka. Lakini wivu nao una hesabu zake, na hesabu ilimwambia hivi: chukua. Hili ndilo lenye sauti. Yule ameshazoea vyombo, ana ujanja wake. Lakini wewe ukishika hili, ukalipiga siku tatu nne, Naomi atakusikia, mzee mwenyewe atakusikia. Akalichukua. Hata ahsante haikutoka vizuri.

Nyumbani hapakuwa na mtu, watoto walikuwa kwa bibi yao. Jua lilikuwa bado juu. Heche akanawa mikono, ingawa ilikuwa safi. Akafunga mlango nusu, akachomeka waya kwenye sabufa, akakaa kwenye kochi chini ya msumari uliokuwa mtupu. Kitu kilikuwa chepesi kweli, kama Eric alivyosema. Vidole vikapata nyuzi bila taabu. Moyo ulimdunda kama kijana anayebisha hodi ukweni. Akaanza wimbo wa kwaya, ule ule, tangu mwanzo.

Akapiga ubeti wa kwanza, akaongeza sauti. Akapiga wa pili. Noti zikapandiana. Akasimama, akarudia polepole, zikapandiana polepole. Akageuza kitufe hiki, akageuza kile. Akajiambia ni sabufa. Akarudia wimbo mzima bila kukosea hata mahali pamoja, kwa nguvu, ili asikie vizuri, na alipokuwa anaumaliza akasikia kandambili za mkewe uani.

"Baba Mokami," Elieth akaita kutoka nje, sauti yake imechangamka, "kumbe mwalimu amekurudishia gitaa lako. Nimelisikia tangu pale jirani kwa akina Rhoda, nikawaambia hilo ni lile lile letu, siwezi kulikosea."

Elieth akasukuma mlango, sare za kwaya zimejaa mkononi, uso una furaha ya kumfurahia mumewe. Macho yake yakaenda kwenye msumari, yakashuka mapajani kwa Heche, kwenye ile shingo isiyokwenda popote.

Kisha akaziweka sare juu ya meza, moja moja, akizinyoosha kola.

"Nikutengee chakula?" akauliza.